Cheni, futi na hatua: kugeuza vipimo vya zamani vya kiwanja kuwa mita

Ramani ya upimaji ya zamani hutolewa kabatini kukiwa na jambo. Mirathi inagawanywa, jirani amechimba msingi wa ukuta, au benki inataka kujua ukubwa wa kiwanja kabla ya kutoa mkopo. Mistari ya mipaka imeandikwa kwa futi, pengine kwa cheni, kipimo cha zamani cha wapimaji, na tepu mliyonayo ni ya mita. Kuzidisha ni kazi ya dakika mbili kwa simu. Kinachowaponza watu ni kusoma: mtu anageuza vizuri kabisa namba ambayo hakuielewa, anapata jibu lenye desimali nne, na jibu lenyewe si la kweli. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye kusoma.

Ramani ni ya enzi gani?

Wengi huchukulia kwamba ramani ikiwa kongwe zaidi, basi hakika ni ya futi. Kwa Dar es Salaam sivyo. Ujerumani ilishika mfumo wa metriki mwaka 1872, na Dar es Salaam ilikuja kuwa makao makuu ya koloni lake mwaka 1891. Wapimaji wa Kijerumani walikuja huku na mita. Ukikuta karatasi yenye maandishi ya Kijerumani, usizidishe chochote. Angalia tu mkato. Wajerumani huweka mkato pale sisi tunapoweka nukta, kwa hiyo 18,42 ni mita 18 na sentimita 42. Eneo nalo utalikuta kwa mita za mraba, kwa ar, ambayo ni mita za mraba 100, au kwa hekta.

Futi zilikuja na Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zikatumika mpaka nchi ilipohamia metriki baada ya Uhuru. Kwenye viwanja vya mjini tarajia futi. Kwenye mashamba makubwa na barabara tarajia pia cheni na maili.

Lipo kundi jingine, na hili ndilo linalodanganya zaidi: ramani iliyochorwa upya kwa mita kutoka kwenye ramani ya futi. Utaitambua kwa namba zake. 15.24 ni futi 50, 18.29 ni futi 60, 22.86 ni futi 75, 30.48 ni futi 100, 45.72 ni futi 150. Na 20.12 ni cheni moja. Ukiziona, ujue kiwanja kilizaliwa kwa futi, na ramani ya kutafuta ni ile ya asili, maana kila kunakili ni nafasi mpya ya kukosea. Omba nakala iliyothibitishwa Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi, ukiwa na namba ya kiwanja, kitalu na namba ya ramani kama imeandikwa kwenye hati.

Kama kipimo kilichotumika hakikuandikwa popote, ramani yenyewe inaweza kusema. Chukua rula, pima mstari mmoja mrefu kwa milimita, zidisha kwa kiwango cha ramani, kisha gawa kwa 1,000 upate mita. Tuseme kiwango ni 1/1,200, mstari una milimita 76, na pembeni yake pameandikwa 300. Mara 76 kwa 1,200 ni 91,200, yaani mita 91.2. Futi 300 ni mita 91.44. Basi hizo ni futi. Zingekuwa mita, mstari huo ungekuwa na urefu wa milimita 250 kwenye karatasi.

Kiwango nacho ni ishara. 1/600 ni inchi moja kwa futi 50. 1/1,200 ni inchi moja kwa futi 100. 1/792 ni inchi moja kwa cheni moja, na 1/63,360 ni inchi moja kwa maili. Mchoraji anayefikiri kwa mita hana sababu ya kuchagua 792.

Angalia fotokopi. Mashine hukuza au kupunguza kidogo hata ilipowekwa asilimia 100, na ramani iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa WhatsApp imepinda pembeni. Pima kwanza mstari wa kiwango uliochorwa chini ya ramani, uone kama bado una urefu unaotakiwa. Vyovyote iwavyo, rula ni ya kutambua kipimo tu. Urefu wa mpaka unasomwa kwenye namba iliyoandikwa, haupimwi kwenye karatasi.

Namba za kushika

Inchi 1 = milimita 25.4
Futi 1 = inchi 12 = mita 0.3048
Yadi 1 = futi 3 = mita 0.9144
Kiungo 1 cha cheni = inchi 7.92 = mita 0.201168
Rod 1 = futi 16.5 = mita 5.0292
Cheni 1 = viungo 100 = rod 4 = futi 66 = mita 20.1168
Farlong 1 = cheni 10 = mita 201.168
Maili 1 = cheni 80 = futi 5,280 = mita 1,609.344

Hizi ni namba kamili, hazikukatwa popote, kwa sababu mwaka 1959 nchi zilizokuwa zikitumia yadi zilikubaliana iwe mita 0.9144 barabara, na nyingine zote zinafuata hapo. Rod, pole na perch ni majina matatu ya urefu uleule. Ukikuta mojawapo kwenye maandishi, usitafute kipimo cha nne.

Kosa la uvivu ni kuzidisha futi kwa 0.3. Kwenye futi 100 unapoteza sentimita 48, na hiyo ni zaidi ya unene wa ukuta wa tofali wa jirani yako. Ukitaka makadirio ya kichwani, zidisha kwa 0.3 kisha kwa kila futi 100 ongeza nusu mita kasoro sentimita 2.

Futi: nukta si inchi

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko sehemu zote. Wapimaji wa enzi ya Waingereza waligawa futi kwa kumi walipoandika ramani za upimaji. Mafundi wa ujenzi waligawa futi kwa inchi kumi na mbili. Kwa hiyo 60.4 kwenye ramani ya upimaji ni futi 60 na sehemu nne za kumi za futi, ambazo ni inchi 4.8. Kwenye mchoro wa nyumba, futi 60 na inchi 4 huandikwa 60'4", kwa alama moja kwa futi na mbili kwa inchi. Alama hizo hizo hutumika kwa dakika na sekunde za pembe, kwa hiyo kabla ya kuzisoma angalia kama mbele yake kuna kiduara cha digrii. Kama kipo, unasoma mwelekeo wa mpaka na siyo urefu wake.

Tuchukue kiwanja chenye pande nne zilizoandikwa 60.4, 102.7, 60.1 na 102.5.

60.4 × 0.3048 = 18.410
102.7 × 0.3048 = 31.303
60.1 × 0.3048 = 18.318
102.5 × 0.3048 = 31.242

Sasa jumlisha za futi: 325.7. Zidisha jumla hiyo mara moja: mita 99.273. Jumlisha majibu manne ya mita: 99.273. Zikilingana, hukubofya namba vibaya. Usiruke hatua hii hata kama kiwanja ni kidogo. Ndiyo inayokamata 102.7 iliyoingizwa kwenye simu kama 107.2.

Angeisoma mtu 102.7 kama futi 102 na inchi 7, angepata mita 31.267. Amepunguza sentimita 3.6 upande mmoja. Kwa nguzo ya uzio ni kitu kidogo, lakini mpimaji akija na kifaa chake, hizo sentimita ndizo zinazozua maneno kwamba bikoni, ile alama ya kona ya kiwanja, imehamishwa.

Ramani iliyosomwa hadi sehemu ya kumi ya futi haijui kitu kidogo kuliko sentimita 3. Kwa hiyo ukishamaliza hesabu, andika 18.41, 31.30, 18.32 na 31.24. Kuandika 18.40992 ni kuahidi usahihi ambao aliyepima hakuwa nao.

Na tepu zenye pande mbili, zile mafundi wanazoziita futi, zimegawa futi kwa inchi. Ukitaka kuweka sehemu sita za kumi za futi kwa tepu hiyo, zidisha 0.6 kwa 12 upate inchi 7.2. Vyema zaidi ugeuze kila kitu kuwa mita mezani kabla ya kwenda, na kiwanjani usomwe upande wa mita peke yake. Upande wa pili ufunikeni hata kwa utepe wa gundi.

Cheni na viungo vyake

Cheni ya wapimaji ilibuniwa na Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620, na urefu wake wa futi 66 una sababu: cheni za mraba kumi ni ekari moja kamili. Mpimaji alizidisha cheni kwa cheni, akasogeza nukta nafasi moja, akawa na ekari. Ndiyo maana cheni iligawanywa kwa viungo mia.

Ilikuwa cheni kweli ya chuma, yenye vipande vya waya mnene vilivyounganishwa kwa vipete, na mshikio wa shaba kila mwisho. Urefu wa mishikio umo ndani ya futi 66. Kila baada ya viungo kumi ilining'inia lebo ya shaba: yenye ncha moja kwenye kiungo cha 10, mbili kwenye cha 20, tatu kwenye cha 30, nne kwenye cha 40, na ya duara katikati kwenye cha 50. Kutoka katikati lebo zinarudi kinyume: ncha nne kwenye 60, tatu kwenye 70, mpaka ncha moja kwenye 90. Hivyo cheni ilitumika kutoka mwisho wowote. Hivyo pia mtu aliyechoka jua likiwa kali angeweza kuiona lebo ya ncha nne akaandika 40 badala ya 60. Ukikuta mpaka wa zamani unaokataa kwa mita 4.02, hizo ni viungo 20, na sasa unajua pa kutafuta.

Kuandika ni rahisi ukishaelewa. Cheni 7 na viungo 35 huandikwa 7.35, au viungo 735. Zidisha 735 kwa 0.201168, unapata mita 147.86. Hatari iko kwenye viungo vilivyo chini ya kumi: cheni 7 na viungo 5 ni 7.05. Mnakili akiandika 7.5, mpaka umeongezeka viungo 45, yaani mita 9.05. Kwenye karatasi iliyofifia, sifuri hiyo ikaguliwe kwa kioo cha kukuzia.

Kulikuwa na cheni nyingine, ya wahandisi, yenye futi 100 na viungo 100 vya futi moja moja. Kwenye kazi za barabara na reli usichukulie tu kwamba cheni ni futi 66. Tafuta umbali mmoja unaoujua, kwa mfano kati ya alama mbili za mpaka zilizobaki, ugawe kwa idadi ya cheni. Ikitoka karibu na mita 20.1 ni ya Gunter. Ikitoka karibu na 30.5 ni ya wahandisi.

Cheni ilikuwa na viungio mamia vinavyosuguana, na kila kimoja kikilika kidogo, cheni nzima hurefuka. Cheni iliyorefuka huandika namba ndogo kuliko ukweli, kwa sababu inaingia mara chache kwenye umbali ule ule. Hesabu ya kurekebisha: zidisha umbali ulioandikwa kwa urefu halisi wa cheni, gawa kwa 66. Cheni yenye futi 66.2, umbali ulioandikwa cheni 12.40: ukweli ni cheni 12.44 kasoro kidogo, na tofauti ni sentimita 76. Namba za zamani zikitofautiana na za leo kwa asilimia ile ile kila upande, pima kwanza wazo hili kabla ya kumshuku jirani.

Eneo: nukta tatu za A.R.P.

Eneo la zamani linaweza kuandikwa kwa safu tatu chini ya herufi A, R na P: ekari, rood na perch. Rood nne ni ekari, perch arobaini ni rood. Perch hapa ni ya mraba, mita za mraba 25.29, siyo ile ya urefu. Ukiona 2.1.15, maana yake ni ekari 2, rood 1 na perch 15. Gawa rood kwa 4, gawa perch kwa 160, jumlisha: 2 + 0.25 + 0.09375 = ekari 2.34375. Zidisha kwa 4,046.86, ni mita za mraba 9,485. Aliyeisoma kama ekari 2.115 amepata 8,559, na amepoteza mita za mraba 926, viwanja viwili vya ishirini kwa ishirini na chenji.

Futi ya nani?

Kabla ya 1959 futi haikuwa na urefu mmoja duniani. Ramani nyingi za Waingereza Afrika zilitegemea ulinganisho wa vipimo alioufanya mpimaji Mwingereza Clarke mwaka 1865, na futi yake ni mita 0.3047972654. Tofauti na futi ya leo ni sehemu tisa kwa milioni. Kwenye futi 1,000 ni milimita 2.7. Kwa mpaka wa kiwanja, tumia 0.3048 na ulale salama. Inakuwa jambo pale tu unapogeuza koordineti, yaani namba zinazotaja mahali pa kona kwenye ramani, ndefu za futi zinazohesabiwa kutoka mbali: kwenye namba ya futi milioni tatu, kosa ni karibu mita 8.2.

Programu za ramani zina orodha ndefu ya futi. Chagua ya kimataifa. Futi ya upimaji ya Marekani, 1200 kwa 3937, ni ya huko na hata wao waliiacha mwisho wa 2022. Futi ya Cape ya Afrika Kusini ni ndefu kuliko ya Kiingereza kwa asilimia 3.3; ukiichagua kwa bahati mbaya, futi 100 zako zinazidi kwa mita nzima.

Kinachostahili wasiwasi zaidi ni kulinganisha ramani ya zamani na umbali uliokokotolewa kutoka koordineti. Dar es Salaam iko kwenye ukanda wa 37 Kusini wa UTM, gridi ya ramani inayotumika duniani kote, karibu kabisa na mstari wake wa kati wa longitudo 39, na hapo umbali wa kwenye gridi ni mfupi kuliko wa ardhini kwa sentimita 4 hivi kila mita 100. Namba za ramani ya zamani ni za ardhini. Ukipata kutoka koordineti mita 99.96 na ramani ya futi inakupa 100.00, vyote viwili ni sahihi. Gawa ya gridi kwa 0.9996. Halafu hakikisha koordineti zote ziko kwenye msingi mmoja. Za Arc 1960, msingi wa ramani za zamani za huku, ukiziingiza kwenye simu inayosoma WGS 84, msingi wa GPS, kiwanja kizima kinahama mamia ya mita, na hakuna kugeuza futi kutakakokirudisha.

Hatua sabini kwa sabini

Pembezoni mwa jiji, kuanzia Chanika mpaka Kigamboni ya ndani, bado kuna ardhi inayouzwa kwa hatua. Kanuni inayojulikana na kila dalali ni kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70. Wanunuzi wengi huigeuza kichwani kuwa mita 70 kwa 70, na hapo pesa inapotea au ugomvi unaanza.

Kanuni yenyewe ina hesabu nzuri ndani yake. Ekari ni yadi za mraba 4,840. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900. Kwa hiyo ni kweli kwamba 70 kwa 70 inatoa ekari na ziada ndogo, mradi hatua moja iwe yadi moja, sentimita 91. Hiyo ni hatua ya mtu mzima anayenyoosha mguu makusudi. Mtu akitembea kawaida, hatua yake ni kama sentimita 75.

Tazama inavyokwenda. Hatua ikiwa yadi, upande ni mita 64.0 na eneo ni mita za mraba 4,097. Hatua ikichukuliwa kuwa mita, upande ni 70 na eneo ni 4,900, yaani zaidi ya ekari kwa mita za mraba 853. Hatua ikiwa sentimita 75.8, upande ni mita 53 na eneo ni 2,812, ekari 0.69 tu. "Ekari" hiyo hiyo ya mdomo inaweza kucheza kwa mita za mraba 2,088. Hivyo ni viwanja vitano vya mita 20 kwa 20.

Kwa kiwanja kidogo uwiano ni ule ule. Hatua 20 kwa 20 zinatoa mita za mraba 334 kwa hatua ya yadi, na 230 kwa hatua ya kawaida. Anayelipa bei ya mita 400 za mraba ajue analipia nini.

Kama eneo limeshapimwa kwa hatua na mnataka mita, msibishane juu ya hatua ni sentimita ngapi. Mtafuteni aliyepiga hizo hatua. Tandazeni tepu ya mita 50 mahali tambarare, atembee sambamba nayo kama alivyotembea siku ile, mara tatu, mhesabu. Tuseme wastani ni hatua 66: gawa 50 kwa 66, hatua yake ni mita 0.758. Zidisha idadi ya hatua za kila upande kwa namba hiyo. Atembee bila kujua anatakiwa kufika hatua ngapi, la sivyo miguu itafuata hesabu. Kwenye mchanga na kwenye mteremko hatua hufupika, basi mpimieni kwenye udongo unaofanana na wa shambani.

Hata hivyo makadirio haya ni ya kujua mko wapi. Kwenye mkataba wa mauziano andikeni mita zilizopimwa kwa tepu, pande zote nne na ulalo mmoja kutoka kona hadi kona. Ulalo hausahauliki hivi hivi: pande nne za mita 20 haziwi lazima mraba. Zikilala zikawa kama kishada, eneo linaweza kushuka kutoka 400 hadi 346 na pande bado ni 20 kila mmoja. Mraba wa kweli wa mita 20 una ulalo wa mita 28.28. Ukiwa na ulalo, kiwanja kinagawanyika kuwa pembetatu mbili, na eneo lake haliwezi tena kubishaniwa.

Dhiraa, wari na pima

Hati za kale za pwani, hasa za mauziano na wakfu, zinaweza kukupa mipaka kwa dhiraa, yaani mkono. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Kwa makadirio dhiraa ni inchi 18, sentimita 45.7, wari ni yadi, pima ni futi 6, mita 1.83. Lakini dhiraa ni mkono wa mtu. Mkono kamili unaishia kwenye ncha ya kidole cha kati, mkono konde unaishia kwenye ngumi, na tofauti ni zaidi ya upana wa kiganja. Hati ikiwa haikusema ni upi, usichague kwa kubahatisha.

Njia ya kuaminika ni kuuliza ardhi yenyewe. Tafuta upande mmoja ambao kona zake mbili bado zipo: ukuta wa mawe ya matumbawe, msingi, kisima. Hati inasema dhiraa 40, tepu inasema mita 18.72. Gawa: dhiraa ya hati hii ni mita 0.468. Sasa upande uliopotea wa dhiraa 26 ni mita 12.17. Ukipata pande mbili zinazothibitisha namba moja, una ushahidi wa kumpelekea mpimaji. Ukipata namba mbili zinazopishana sana, kona mojawapo si ya asili.

Soma pia mielekeo kwa lugha ya hati. Kibla kwa Dar es Salaam ni kaskazini karibu barabara, kwa sababu Makka iko karibu kwenye longitudo ile ile.

Kiwanjani

Kabla ya kupima, tafuta sifuri ya tepu. Kuna zinazoanzia ukingo wa nje wa pete, na kuna ambazo sifuri imechapwa sentimita kadhaa ndani. Kosa hili hujirudia kila tepu inapowekwa upya.

Umbali wa ramani ni wa mlalo. Kimara, Goba na Pugu kuna miteremko, na tepu iliyolazwa chini kwenye mteremko wa mita 1 kwa 10 inasoma 30.15 pale ambapo ramani inataka 30.00. Inueni upande wa chini hadi tepu ilale sawa, tumieni timazi, na pimeni vipande vifupi vya mita 5 au 10. Tepu ya chuma iliyolala juani hadi kufika nyuzi 45 hurefuka karibu milimita 9 kwa mita 30. Ya plastiki huvutika kwa mkono wenye nguvu. Pima kila upande kwenda na kurudi.

Bikoni msiiguse. Kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa kisheria, hata kama hesabu zenu zinaonyesha haiko mahali pake. Kazi ya kuirudisha ni ya mpimaji aliyesajiliwa. Kazi yenu ni kumkabidhi namba safi, na tofauti iliyobaki ikiwa imechunguzwa, kwa sababu ukubwa wa tofauti mara nyingi hutaja kosa. Pungufu ya asilimia 1.6 kila upande: mtu alizidisha kwa 0.3. Zidio la asilimia 3.3: futi ya Cape. Zidio la asilimia 9 hivi: yadi au hatua ilisomwa kama mita. Mita 4.02: lebo ya cheni. Mita 20.12: cheni nzima ilisahauliwa kuhesabiwa. Mita 30 au 50 kamili: tepu nzima ya leo, na hiyo ni yenu.